Tanbihi za Moynachar

Ijumaa asubuhi, mchele ukiwa umelowekwa na mama mkwe akichambua dengu, Dakta Rehnuma Talukdar aliketi kwenye meza ya kulia chakula na kufuta tanbihi ya kwanza. Hakuifuta kwa kupenda. Mtathmini wa jarida alikuwa ameandika kwamba maelezo ya Fuljan Bewa, mjane wa kisiwa cha Moynachar, ni maneno ya mdomo tu, hayana waraka wa kuyabeba, na kwa hiyo yaondolewe. Rehnuma akabonyeza. Ile mistari midogo ya chini ya ukurasa ikatoweka, na maandishi ya juu yakashuka yakaziba nafasi.

Kabla wali haujaiva, mlango uligongwa, tena chini kabisa, karibu na kizingiti. Monowara, yule mama mkwe, akaenda kufungua. Alikuwa Fuljan Bewa, kimo chake kikiishia katikati ya muundi wa mtu, sari yake nyeupe ya ujane imelowa hadi kiunoni. Fuljan alikuwa amefariki mwaka juzi kwa homa. Monowara alimtazama miguu.

"Futa miguu hapo kwenye tambara," alimwambia. "Nimepiga deki sasa hivi."

Fuljan akafuta miguu, akaingia, akachuchumaa chini ya dirisha. Alipewa wali na dengu kwenye kisahani cha chai, maana sahani ya kawaida ingemshinda. Rehnuma alimuuliza mbona amekuwa mdogo hivyo, na Fuljan akajibu akitafuna kwamba ndivyo alivyoandikwa. Mabalozi waliwekwa juu kwa herufi kubwa, yeye akawekwa chini kwa herufi ndogo, na sasa huko chini nako ameondolewa, angekwenda wapi? Rehnuma alimwongezea dengu. Ukubwa wa herufi ulikuwa umepangwa na jarida.

Makala ilihusu mkataba wa mpaka. Miaka mingi nyuma, nchi mbili zilituma wajumbe waende kugawana mto. Wajumbe walikuwa watu wa ofisini, wakapanga safari pale ratiba za ofisini ziliporuhusu, na ratiba ziliruhusu katikati ya msimu wa mvua. Moynachar ni kisiwa cha mchanga. Mafuriko yakija kinazama, baridi ikija kinaibuka, na watu wake wamezoea kuhamia kwenye mapaa na mashua wakingoja ardhi yao irudi. Wajumbe walifika, wakatazama, wakaona maji matupu. Wakaandika kwamba hapo hakuna ardhi na hakuna wakazi, wakatia saini, wakaondoka. Kisiwa kilipoibuka na migomba yake, msikiti wake wa mabati na watu wake, kikajikuta si cha huku wala si cha kule. Hadi leo mtu wa Moynachar hana kitambulisho cha nchi yoyote duniani.

Rehnuma aligundua kwamba wajumbe wale hawakudanganywa na maji. Walijua. Ushahidi ulikuwa kwa wazee aliokwenda kuwahoji kisiwani, na kila mzee alikuwa na tanbihi yake.

Halafu kulikuwa na Shefali, mjukuu wa Fuljan, mwanamke mrefu ambaye kila akiingia kwa Rehnuma ilimbidi ainame kuupita mlango. Alikuwa amekuja Dhaka mwaka uliotangulia kwa sababu watoto wake walikataliwa shule ya ng'ambo ya mto kwa kukosa karatasi. Ofisa wa wilaya, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia alete chochote kilichopigwa chapa na watu wa chuo kikuu, chenye majina ya wazee wake, kinachosema waliishi pale kabla ya mkataba. Akikiona, atawaandikisha. Rehnuma alimshika mkono na kumwambia majina yatatoka. Alisema hivyo mbele ya mama mkwe, kwa hiyo hakuwa na njia ya kuyameza maneno yale.

Tatizo lilikuwa jarida. Kwa historia ya diplomasia ya kisasa, kamati ya kupandisha vyeo ilitambua jarida moja tu nchini, na jarida hilo lilitathmini makala kwa siri: mwandishi asimjue mtathmini, mtathmini asimjue mwandishi. Kila mtu idarani alijua mtathmini ni nani. Tathmini zake zote zilianza kwa "Nimesoma kwa manufaa makubwa" na kuishia kwa kisu. Alikuwa Balozi mstaafu Ekramul Huda, mhariri wa jarida hilohilo, na ndiye aliyekuwa katibu kijana wa ule ujumbe wa mpaka. Adabu ya kazi ilitaka watu wajifanye hamnazo. Rehnuma aliwahi kukaa naye meza moja harusini, wakazungumza kirefu juu ya mtathmini huyo asiyejulikana, na Balozi akamsifu sana kwa umakini wake.

Wiki zilizofuata Rehnuma aliendelea kufuta. Alifuta tanbihi ya Torap Ali, mwendesha mashua, akaja Torap Ali na kasia lake lenye ukubwa wa kijiko. Alifuta ya imamu, akaja imamu, akauliza kibla kiko upande gani. Wengine walikuwa wamekufa, wengine walikuwa hai na walilalamika kwamba wameacha mboga shambani. Wote walikuja wamelowa. Walilala wamejipanga chini kabisa ya ukuta wa sebule, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akijua zamu yake, na asubuhi sakafu ilikuwa na mstari mrefu wa maji ya mto.

Rehnuma akakosa raha. Akikaa anasimama, akisimama anazunguka, akizunguka anaogopa kumkanyaga mtu. Alikuwa akianza sentensi darasani na kuiacha njiani. Mumewe alipompigia simu kutoka Muscat na kuuliza nyumbani kuna nini mbona kelele, alisema kuna wageni. Monowara alikuwa ametulia tuli, ila aliwakataza watu wa Moynachar kuanika nyavu kwenye feni.

"Mkwe wangu," alimwambia jioni moja, "mimi sijasoma makala yako. Lakini ukifuta, wanakuja. Si uache kufuta?"

"Nikiacha haitoki, mama."

"Na ikitoka hivyo, inatoka nini?"

Rehnuma alijibu kwamba ana kikao, na hakuwa na kikao.

Mwishowe alipiga moyo konde. Alimtia Fuljan kwenye mfuko wa katani wa kuendea sokoni, akapanda rikisha, akaenda ofisi ya jarida. Njia nzima Fuljan alitoa kichwa nje ya mfuko na kuulizia bei ya vitunguu.

Balozi Huda alikuwa na ofisi yenye baridi ya mashine na picha za watu wanaopeana mikono. Alimkaribisha Rehnuma kwa upole wa watu waliolelewa wakalelewa. Rehnuma aliuweka mfuko juu ya meza, na Fuljan akatoka, akajifunika ushungi vizuri. Balozi alivaa miwani.

"Fuljan," alisema. "Nilisikia ulifariki."

"Nilifariki, bwana. Mwaka juzi."

"Pole sana. Na mzee wako, yule mwenye mguu mbovu?"

"Yeye alitangulia zamani."

Balozi alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Kisha akamgeukia Rehnuma na kumweleza, kama mtu anayekumbuka ujana wake, kwamba ile siku ya kupima mto mvua iliwakamata, mashua ya serikali ikakwama, na watu wa Moynachar wakawachukua na kuwapandisha juu ya paa la msikiti. Huyu Fuljan aliwapikia samaki kwa haradali juu ya jiko la udongo, hapohapo juu ya bati, maji yakipita chini yao. Hajala tena samaki kama yule, na amekula kwenye ikulu nyingi.

"Kwa hiyo unawajua," Rehnuma alisema.

"Mimi nawajua, mwanangu. Jarida haliwajui."

Akafafanua bila haraka. Jarida lina kanuni zake. Shahidi anatambulika kwa nyaraka, na waraka pekee wa siku ile ni taarifa ya ujumbe, inayosema hapakuwa na wakazi. Mtu ambaye hayupo kwenye taarifa hawezi kuipinga taarifa.

"Taarifa uliandika wewe, bwana?" Fuljan aliuliza.

"Niliandika mimi."

"Wakati ule samaki wangu alikuwa bado mdomoni?"

"Niliiandika kesho yake," Balozi alisema. Alitaka ieleweke sawasawa. "Pande zote mbili zilikuwa zimeshakubaliana. Kuongeza watu kungerudisha mazungumzo nyuma."

"Basi andika leo. Mimi niko hapa, nimesimama juu ya meza yako."

"Nimestaafu, Fuljan."

Aliagiza chai, na akasisitiza Fuljan aletewe yake kwenye kifuniko cha chupa, yenye sukari nyingi. Wakati wa kuaga alimwambia Rehnuma kwamba amezungumza na mtathmini, na mtathmini anaona makala imebaki na kasoro ndogo. Kuna mahali mwandishi ameinukuu taarifa rasmi, vizuri kabisa, kisha ameanza sentensi nyingine kwa "Lakini". Ile lakini sasa haina tanbihi hata moja chini yake. Sentensi ya namna hiyo haina miguu. Aitoe, makala iende mitamboni, kamati inakaa baada ya Idi.

Rehnuma alipanda tena rikisha, wakafika karibu na soko. Hapo akamwambia Fuljan kwamba ataandika makala ya pili, ndefu zaidi, ataipeleka nje ya nchi, na huko majina yote yatatoka. Ni suala la toleo lijalo tu.

"Wewe una toleo lijalo," Fuljan alisema. "Shefali ana watoto wa kuandikishwa mwezi Januari."

Rehnuma alijua kwamba Fuljan amesema kweli, na alimchukia kidogo kwa kuisema. Nafasi ya profesa mshiriki ilikuwa moja. Ikimpita, ingeenda kwa bwana mmoja wa ghorofa ya pili aliyeandika juu ya itifaki za karamu. Usiku ule hakulala, na asubuhi yake, kabla ya kupiga mswaki, aliifuta ile lakini na sentensi yote iliyoifuata. Hakuna aliyegonga mlango. Sentensi ile ilikuwa yake mwenyewe, na yeye tayari alikuwa ndani.

Makala ilitoka, karatasi nzuri, jalada la bluu. Kamati ilikaa, ikampa cheo, na mkuu wa idara akagawa peremende za maziwa. Nyumbani, watu wa Moynachar walimwomba awasomee. Alisoma kwa sauti kuanzia mwanzo, nao wakasikiliza kwa adabu, wamekunja miguu chini ya ukuta. Alipomaliza, Torap Ali alimuomba arudie ukurasa wa katikati, maana huenda alikuwa amesinzia wakati wao walipotajwa. Rehnuma akaurudia. Baada ya hapo hakuna aliyeomba tena, na imamu akasema ni wakati wa sala.

Aliapa hatamwambia Shefali. Lakini habari za chapa hazifichiki, na Shefali alikuwa akiulizia dukani karibu na chuo kila alipopata nafasi. Alinunua toleo, akalifunga kwa nailoni lisilowe, akavuka mto, akalipeleka kwa ofisa wa wilaya.

Ofisa alikuwa mtu wa kuheshimu elimu. Alisoma makala yote, taratibu, na kwenye ukurasa wa katikati akakuta imeandikwa na dakta wa chuo kikuu, katika jarida lenye kutathminiwa, kwamba Moynachar hapakuwa na ardhi wala wakazi. Akasoma ukurasa unaofuata kuona kama kuna cha kupinga. Hakukuwa na cha kupinga. Kwa miaka mingi suala la watu wale lilikuwa limemkalia kooni kwa sababu hakuwa na uhakika. Sasa alikuwa nao, akalifunga, na akamshukuru Shefali kwa kumletea.

Mlango uligongwa Ijumaa nyingine, karibu na kizingiti. Rehnuma alifungua mwenyewe, akatazama mbele kwa mazoea, kisha akatazama chini. Shefali hakuhitaji kuinama. Alikuwa amewashika watoto wake mikono, huku na huku, na mdogo wao hakuzidi kimo cha kikombe. Wote walikuwa wamelowa.

"Amesoma yote, dada mwalimu," Shefali alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Amesema sasa imethibitishwa."

Rehnuma aliona aibu, aibu ya kuunguza masikio, akasogea kuwapisha. Fuljan alijikunyata kwenye ukuta ili mjukuu na vitukuu wapate pa kukaa, na mstari mzima ukasogea pamoja naye hadi jikoni. Monowara akawaambia wafute miguu. Kisha akafungua kabati, akatazama, akafunga. Visahani vilikuwa vimekwisha, kwa hiyo akageuza kifuniko cha sufuria, akakipakulia wali, akawaambia wale pamoja.