Jukwaa la Wasokota Nyuzi

Kamati ilipokutana sebuleni kwa Bobini kuamua kama jukwaa lao la mtandaoni libaki kwenye programu ya bure au lihamie ya kulipia, mkewe Bobini aliwaomba kwanza wainue miguu afagie. Wakainua. Akapitisha ufagio chini ya makochi, akazoa pamba iliyoanguka tangu asubuhi, akaitia kwenye gunia nyuma ya mlango, kisha akaenda kuinjika chai.

Pamba ilikuwa ikianguka kutoka darini. Ilianza siku ileile jukwaa lilipofunguliwa. Lilikuwa jukwaa la watu waliofanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi kabla hakijafungwa, ambao sasa wametawanyika miji mbalimbali, wengi wao wakiugua kifua. Enzi za kiwanda, daktari wa mle ndani alikuwa akiwaandikia mafua. Kiwanda kilipofungwa, wenye kiwanda walisema hakuna aliyewahi kudhurika pale, maana kumbukumbu zote zinaonyesha mafua tu. Ndipo binti yake Bobini, ambaye kazi yake ni kutengeneza kompyuta na simu, na ambaye hata nyumbani huitwa Fundi, akawatengenezea mahali pa kuandika yaliyowapata, ili siku moja yasomwe na mtu mwenye masikio.

Alitumia programu ya bure, iliyotungwa na watu wasiojuana na kuachwa wazi kwa yeyote anayeitaka. Akaitia kwenye kompyuta kuukuu, na kompyuta akaiweka sebuleni kando ya kabati la vyombo, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na soketi nzima. Maneno yote ya wanachama yalitunzwa humo. Mtu akiandika habari za kifua chake huko aliko, pamba ilianguka sebuleni. Ya wasokota nyuzi ilikuwa laini kama mvi za mtoto, kama mtoto angekuwa na mvi. Ya wafumaji ilikuja na vipande vya uzi. Watu wa kitengo cha rangi walipoandika ilianguka ya buluu, na Mama, mkewe Bobini, akalalamika kwamba hiyo inamharibia vitambaa vya makochi.

Zaidi ya hapo hakuna aliyekuwa na la kusema juu ya pamba, isipokuwa kwamba Bobini alikuwa akizidi kukohoa.

"Mwanetu, tueleze tena polepole," alisema mwenyekiti. Zamani alikuwa msimamizi wa zamu, na waliokuwa chini yake walimpa jina la Filimbi kwa sababu ya kile alichokuwa akiwapulizia. "Vichwa vyetu vingine vimeshika kutu."

Fundi akaeleza. Hii ya bure ni yenu, hakuna anayeweza kuifunga. Ila ikiharibika, wa kuhangaika ni mimi peke yangu, na yale matangazo ya dawa za nguvu za kiume yanayomiminika humo kila kukicha, wa kuyafuta ni mimi. Ya kulipia inatunzwa na kampuni, kwenye mashine zao. Inafunguka vizuri kwenye simu hata ya mtu asiyejua kitu. Mkikwama mnapiga, mtu anapokea.

"Lakini maneno yenu yatakuwa kwao," alisema. "Siku mkishindwa kulipa, mlango unafungwa na ninyi mko nje."

"Rahisi ghali," alisema Filimbi. Akafikiri kidogo. "Na ghali nayo, kusema kweli, ni ghali."

Wakacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, wakangojana mpaka kila mmoja akamaliza chake.

Mweka hazina, mama mnene aliyewahi kufanya kazi kitengo cha kufungasha, akauliza, "Na hii pamba je?"

"Pamba inaanguka pale maneno yalipo," alisema Fundi. "Yakihama, na yenyewe itahama."

"Itahamia wapi?" aliuliza Bobini.

Hakujibiwa, kwa sababu mkewe alikuwa ameingia na sinia la chai, akaliweka mezani, asiketi.

"Shemeji zangu, nawaheshimu," alisema. "Lakini mwenzenu huyu siku hizi analala ameketi. Nilikuwa namfuta pamba kwenye nyusi kila akitoka kazini, ujana wangu wote. Kiwanda kilipofungwa nikamshukuru Mungu, kumbe kimenihamia sebuleni. Changeni mlipe. Msipochanga, kompyuta hii naitupa nje kwa mikono yangu."

Wakachanga.

Fundi aliyahamisha maneno Jumatatu. Kufikia alasiri dari ilikuwa imetulia. Mama alifua vitambaa vya makochi, akakifua na kile kitambaa alichokuwa akijifunga puani akifagia, akakitandika juu ya redio kama pambo. Baada ya siku chache Bobini alianza kulala chali. Akaanza kwenda kinyozi kwa miguu yake, na kurudi na umbea wa kinyozi, jambo ambalo mkewe alikuwa amelikosa kuliko alivyojua. Jukwaa nalo lilipendeza. Watu waliokuwa wakiogopa kompyuta waliandika kwa simu wakiwa wamekaa vibarazani kwao. Wajane waliandika kwa niaba ya waume zao. Wanachama wakaongezeka, na hakuna aliyefagia.

Ikatokea kwamba picha za vifua, zile za mionzi walizopiga wanachama hospitalini, hazikufunguka. Fundi akapiga simu kwa kampuni akiwa dukani kwake, simu ya mteja ikiwa imefumuliwa mbele yake. Akapokea binti mwenye adabu. Alikuwa katikati ya kumwomba asubiri kidogo alipokohoa.

Fundi alikijua kikohozi kile. Alikuwa amelala nacho chumba cha pili tangu utotoni. Kilikuwa kikavu, kinaanzia chini na kukatikia njiani, kama uzi unaovutwa ukakatika.

"Pole mdogo wangu," alisema. "Kimekuanza lini?"

"Ni vumbi tu la hapa ofisini, dada. Jeupe jeupe hivi. Wametuambia ni kiyoyozi, kitatengenezwa."

"Linaanguka wakati gani?"

"Nikifungua majukwaa ya wateja. La kwenu ni hilo jeupe. Kuna la watu wa machimbo, lile jeusi, linaingia hadi kwenye chai." Akakohoa tena, mbali na simu. "Samahani. Picha zenu zimeshakubali, dada. Kuna lingine naweza kukusaidia?"

Fundi akasema hakuna.

Alikaa na jambo hilo wiki nzima. Kila akirudi nyumbani alimkuta baba yake amesimama wima, mara anatundika pazia, mara anabishana na mkewe kuhusu chumvi, na kila mara akaona si leo. Jumapili baba yake akamuuliza kwa nini anakula kama mtu anayetafuna karatasi. Akamwambia.

Bobini alisukuma kikombe chake kando.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," alisema. "Tumemtwisha mtoto wa watu, tukasema mzigo umekuwa mwepesi. Hebu nipigie huyo binti."

Fundi akampigia kesho yake, akampa simu.

"Mwanangu, mimi ni mmoja wa wale wazee wa pamba."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sikiliza. Lowesha kitambaa, ujifunge puani na mdomoni."

"Hawaruhusu, baba. Wanasema wateja hawatatusikia vizuri."

"Basi sogea dirishani."

"Hayafunguki haya."

"Hospitali umekwenda?"

"Kuna daktari wa kampuni. Ameniandikia mafua."

Bobini aliishusha simu mapajani, akaitazama kama kitu kilichomwangukia. Kisha akairudisha sikioni.

"Tukiyachukua maneno yetu, ukabaki na hilo jeusi peke yake, utapata nafuu?"

"Kidogo. La kwenu ndilo jingi." Binti akashusha sauti. "Lakini mkiondoka, baba, wataniuliza kwa nini nimepoteza mteja."

"Waambie wazee wameishiwa pesa. Hilo wataliamini."

Filimbi alijitolea kuipokea kompyuta nyumbani kwake, lakini alikuwa na mjukuu mchanga, na Bobini akakataa. "Kifua changu kimeshaliwa," alisema. "Mtu haliwi mara mbili." Kamati ikainamisha vichwa, ikakubali kurudi kwenye ile ya bure.

Mkewe hakukubali.

"Huyo binti ana mama yake," alisema.

"Ndiyo maana," alisema Bobini.

"Na mimi ni nani wako?"

Bobini akasimama. Akatoka nje, akakaa kwenye kizingiti muda mrefu. Alipoingia, kile kitambaa hakikuwepo tena juu ya redio. Mkewe alikuwa amejifunga puani, anasogeza makochi ili kabati la vyombo lipate nafasi, na kompyuta ikae pale ilipokuwa ikikaa. Hakusemeshana naye hadi siku ya tatu, alipomuuliza kama anataka uji.

Pamba ilirudi nyingi kuliko mwanzo, kwa sababu wanachama walikuwa wameongezeka. Gunia halikutosha, wakaongeza jingine. Fundi aliziba dari kwa nailoni, na pamba ikaanguka kutoka kwenye nailoni. Alimsihi baba yake ahamie chumbani, naye akahamia, lakini kila alasiri alirudi sebuleni kusoma kilichoandikwa na kuwajibu watu mmoja mmoja kwa kidole kimoja. Pole sana. Nakukumbuka, ulikuwa mashine ya kona. Je, na marehemu mumeo alikuwa akihema hivyohivyo? Andika yote, usiache.

Alifariki majira ya baridi, alasiri, akiwa kwenye kiti chake. Mkewe alimkuta, akamfuta kwanza pamba kwenye nyusi na kwenye masharubu, taratibu, mpaka uso ukawa wake. Kisha ndipo akaita watu.

Waliokuja kuzika walitoka miji mbalimbali, na wengi walikuwa hawajaonana tangu kiwanda kifungwe. Makaburini walikohoa kwa zamu, kwa heshima, wasimkatize msemaji. Mweka hazina alilia kwa sauti. Filimbi alitaka kusema machache, akafungua kinywa, pumzi ikamwisha, akakaa. Watu wakasema amesema vizuri.

Miezi miwili baadaye, kompyuta ya sebuleni ilipokea mwanachama mpya. Alikuwa yule binti wa simu. Kampuni ilikuwa imemwambia kwamba muda wake wa majaribio umekwisha na hawataendelea naye, kwa kuwa sauti yake haifai tena. Aliandika kirefu. Kilichoanguka siku hiyo hakikuwa pamba tupu. Kilikuwa cha kijivu, kimechanganyika na makaa na vumbi la mawe na kitu kingine kisichojulikana. Mama alikizoa, akasita mbele ya gunia, mwishowe akakitafutia ndoo yake.

Fundi alimsomea mama yake alichoandika binti. Alikuwa amemuulizia yule baba wa pamba, kama hajambo. Alikuwa ameandika pia kwamba lile vumbi jeupe halikuacha kuanguka pale ofisini hata siku moja, hata baada ya wazee kuondoka.

"Rudia hapo," alisema Mama.

Fundi akarudia.

Mama aliitazama ile ndoo. Fundi akamuuliza kama anataka aizime kompyuta, wafunge yote, apumzike.

"Na hao wakaandike wapi?" alisema Mama. Akauchukua ufagio, lakini hakufagia. Alisimama tu ameuegemea, huku pamba ikimtua mabegani.

Filimbi ndiye aliyemkaribisha mgeni kwa niaba ya kamati. Alimuuliza alikuwa kitengo gani, ili awekwe na wenzake. Vitengo vya jukwaa vilikuwa vinne: kusokota, kufuma, rangi na kufungasha. Binti akajibu kwamba yeye alikuwa huduma kwa wateja. Fundi akamfungulia kitengo chake, na kwa kuwa programu ilikuwa yao, hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Binti akawaita wenzake walioondolewa kabla yake. Muda si mrefu kitengo hicho kikawa na watu wengi kuliko wafumaji.

Baada ya hapo Fundi alipiga simu kwa kampuni. Alitaka yale maneno waliyoyahamisha yafutwe kule.

"Nakala za wateja wetu tunazitunza hata wakiondoka, dada," aliambiwa na binti aliyepokea. "Ni kwa usalama wenu. Ipo kwenye masharti mliyoyakubali."

Fundi aliyakumbuka masharti. Yalikuwa marefu, na chini yake palikuwa na kitufe.

"Kwa hiyo bado yapo hapo mlipo?"

"Yapo yote, wala usiwe na wasiwasi."

Fundi akamuuliza ameanza kazi lini.

"Jana, dada," alisema binti, akacheka kidogo. Sauti yake ilikuwa safi, haina mkwaruzo hata mmoja.