Meza ya Mapokezi

Ganzi ilianzia kwenye kidole kidogo cha mkono wa kulia. Cornelia aliipuuza wiki mbili nzima. Wiki ya tatu mwiko ulimponyoka akisonga ugali, ukaangukia jivuni. Mumewe, Basil, aliuokota, akamalizia kusonga yeye mwenyewe.

Ilikuwa Juni 1998, na baridi ya Sumbawanga ilikuwa ile ya kupasua midomo. Shirika la mbegu ambalo Cornelia alilichapia barua kwa taipureta miaka kumi na minne lilikuwa limeuzwa kwa kampuni binafsi. Kampuni ilileta kompyuta mbili, ikaziweka juu ya meza ya mapokezi, ile ambayo wakulima walikuwa wakisimama kujazia fomu. Cornelia akiketi, meza ilimfika kifuani. Asubuhi hadi jioni alikaa mabega juu kama mtu aliyeshtuka, akiingiza majina ya wakulima wa Kate, Ilemba na Mtowisa. Bega liliwaka moto, machozi yakamtoka.

Aliomba meza nyingine mara mbili. Mara ya pili meneja, Mzee Leonidas, alivua miwani.

"Mama Abel, barua za kupunguza wafanyakazi zinatoka mwisho wa mwezi. Makao makuu wananiuliza nani kazi imemshinda. Unataka niwajibu nini?"

Tangu siku hiyo, kila bahasha iliyoingia ofisini aliigeuza kwanza kuangalia jina.

Alidhani anaumia peke yake. Jumatano akamkuta Luciana, binti wa kompyuta ya pili, amejificha stoo, ameegemeza paji la uso kwenye magunia, analia.

"Ni shingo, dada. Haigeuki. Usimwambie Mzee, nakuomba."

Jioni ile Cornelia alimwomba Basil msumeno. Basil alikuwa seremala. Msumeno hakuuazima ovyo.

"Wa nini?"

"Wa kukatia meza ya ofisini."

"Watakufukuza."

"Na mkono ukifa, wataniacha?"

Basil aliuchukua msumeno, akampa. "Ukate mguu mmoja kwanza," alisema. "Kile kipande ukitumie kupimia mingine."

Ijumaa mchana, Mzee Leonidas alipokwenda kula, Cornelia na Luciana walifunga mlango kwa ndani. Waliteremsha kompyuta sakafuni taratibu kama wanaolaza watoto, wakailaza meza ubavu. Mbao ilikuwa mninga, ngumu. Mkono wa Cornelia ulikataa kushika msumeno, basi yeye akaukalia mguu wa meza na Luciana akakata. Wa kwanza ukaanguka, wa pili ukafuata. Walikuwa katikati ya wa tatu waliposikia gari likizimwa nje.

"Dada, amerudi!"

"Kata."

"Dada!"

"Kata, Luciana. Tukiiacha hivi haitamfaa mtu yeyote."

Kitasa kilitikiswa. Mlango ukagongwa, kisha ukapigwa kwa kiganja. Mguu wa nne ulipodondoka, Cornelia alifungua.

Mzee Leonidas alitazama unga wa mbao, akatazama vipande vinne sakafuni.

"Nani amekata mali ya kampuni?"

Luciana alifungua mdomo. Cornelia akamkanyaga mguu.

"Mimi, Mzee."

"Utapata barua ya onyo. Leo hii hii!"

Wachapaji wa ofisi nzima walikuwa wawili tu, na wote walikuwa mbele yake.

"Nani aichape, Mzee?" Cornelia aliuliza, wala hakuwa anamdhihaki.

"Wewe!"

Wakasimamisha meza, wakarudisha kompyuta. Cornelia alivuta kiti. Viwiko vyake vilitua juu ya mbao, mabega yakashuka yenyewe. Meneja alisema kwa sauti maneno ya barua, naye akachapa: kuharibu mali kwa makusudi, utovu wa nidhamu, jina lake kamili. Bega halikuwaka.

Mzee Leonidas aliisoma barua mara mbili, akasaini.

"Nakala niitume makao makuu?" Cornelia aliuliza.

Mzee alimtazama Luciana, aliyekuwa akifagia huku shingo imepinda upande mmoja, asiweze kuinyoosha.

"Weka kwenye faili lako tu," alisema. "Na huyo binti aende hospitali."

Barua za kupunguza wafanyakazi zilitoka tarehe thelathini. Zilikuwa sita, na yake haikuwamo. Hakuna aliyemweleza kwa nini, naye hakuuliza.