Robine ya kwa Mama Eugénie

Igihozo hakuwa na kompyuta yake. Hakuwa na umeme wa kutegemea, wala meza isiyoyumba, wala mjomba katika ofisi yoyote ya mji huu. Hakuwa na koti la kuvaa mbele ya wakurugenzi. Baba yake alikuwa marehemu, mama yake alikuwa mbali akitafuta maisha, kwa hiyo nyuma ya binti huyu nilisimama mimi peke yangu, babu yake, na mimi sikuwa na kitu ila elimu ya shule ya jioni na hasira. Woga pia hakuwa nao, na baadaye watu wakubwa walimhesabia hilo kuwa kosa.

Alipofika mwaka wa mwisho wa informatique, masomo ya kompyuta, chuo chao kilipatana na kampuni moja inayogawa maji. Jina lake silitaji. Mwanasheria wao ana muda mwingi kuliko mimi. Mapatano yalikuwa matamu kuyasikia. Kampuni ingewapa wanafunzi tatizo la kweli, si mazoezi ya ubaoni, pamoja na mhandisi wa kuwaongoza. Mwishoni ingewapa attestation, yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba kazi imefanyika, na mwanafunzi angeitetea kazi yake mbele ya walimu. Bila attestation hakuna kutetea, na bila kutetea hakuna diploma.

Tatizo lenyewe kila nyumba ya Murara, mtaa wetu, inalijua. Mwanamke anabeba bidoni zake za maji mpaka kwenye robine, bomba la mtaa, anakuta kavu, anarudi, na nyuma ya mgongo wake maji yanatoka. Igihozo na mwenzake Aubin walitengeneza programu nyepesi. Mlinzi wa robine akiona maji yamefika anabonyeza simu yake, hata iwe ile ndogo ya vitufe, na wanawake wote wa eneo lile wanapata ujumbe palepale.

Lakini ujumbe useme maji yako wapi? Avenue, yaani barabara za kwetu, zina majina kwenye ramani, na hakuna anayeyatumia. Lava ya volkano ilipopita iliikata avenue yetu vipande viwili. Katikati sasa kuna nyumba za watu na ukuta wa parokia. Ukitaka kwenda kipande cha pili unazunguka mbali. Kwenye ramani bado ni mstari mmoja ulionyooka. Basi watoto hawa walitembea juu ya yale mawe meusi, robine kwa robine, wakiwauliza wanawake wanapaitaje pale. Wakaandika kama walivyoambiwa. Kwa Mama Eugénie, muuza makala ya kupikia. Ku kanisa ya mabati ya kijani. Ku poto ya umeme ya kuanguka, ile nguzo iliyolala.

Waliijaribu katika mtaa wetu, ikafanya kazi. Niliona kwa macho yangu wanawake wakimaliza kusonga bugali ndipo wanainuka na bidoni zao, bila kukimbia.

Siku ya kuizindua, kampuni ilikodi ukumbi wa hoteli kando ya ziwa. Mkurugenzi alisimama akasema mfumo huu umebuniwa na wahandisi wa kampuni yake. Watu wakapiga makofi. Igihozo na Aubin walikuwa nyuma kabisa, wametumwa kuongeza viti. Niliinuka nitoke, lakini Igihozo alinishika mkono akaniomba nikae. Attestation kwanza, alisema, maneno baadaye. Nikakaa. Juisi yao sikuinywa.

Jambo ambalo hatukulijua siku ile ni kwamba yule mhandisi wao, Éphraïm, alikuwa ameona majina yale ni aibu. Kampuni ya heshima itamtajaje muuza makala kwenye ujumbe wake? Kabla ya uzinduzi aliyafuta yote, akaweka majina ya ramani. Robine mbili, moja kila upande wa ukuta wa parokia, zikawa na jina moja.

Maji yalipotoka upande mmoja, ujumbe ulitaja avenue. Wengine hawakujua ni wapi. Wengine walienda upande wa kavu, wakangoja, kisha wakazunguka, wakafika maji yakikatika. Wakadhani wenzao wamewadanganya kwa makusudi. Bidoni zilirushwa. Mlinzi wa robine, mzee asiye na kosa, alipasuliwa kichwa, na kabla ya jua kuzama vioo vya ofisi ya kampuni vilikuwa chini.

Kesho yake redio ilisoma tangazo la kampuni: hitilafu imeletwa na wanafunzi wa stage, wale wa mafunzo ya kazi. Yakafuata majina yao kamili, na chuo chao, na mtaa wao. Siku ya makofi hawakuwa na majina. Siku ya mawe wakapewa yote.

Igihozo alienda kununua makala, akakuta wanawake wanamngoja kwa mdomo.

“Mutoto wa informatique,” mmoja akamwita, “leo maji iko mu simu gani?”

Wakacheka. Alirudi nyumbani mikono mitupu, akaketi akiitazama kompyuta ya kuazima bila kuiwasha.

Jumatano mchana Éphraïm alikuja kwetu. Siku ya kutetea ilikuwa Ijumaa. Aliketi kwenye kiti changu kabla sijamkaribisha, akatoa barua iliyokwisha kuchapwa.

“Papa, sitaki kuharibia mutoto maisha,” aliniambia. “Atie tu signature hapa. Anakubali kosa, direction ya kampuni inamusamehe. Attestation iko mu sac yangu. Aubin ameshatia.”

Aubin simlaumu. Kwao wadogo zake wanangoja yeye amalize ndipo waanze. Ninaowalaumu ni wale waliojua hivyo wakampelekea kalamu.

Igihozo aliisoma barua mpaka mwisho, amesimama. Kisha akauliza jambo nililodhani ni adabu tu.

“Njia haikukusumbua, Ingénieur? Watu wengi banapotea huku.”

“Hapana. Nimeambia motari wa pikipiki aniache kwa Mama Eugénie, kisha nikapanda na mguu.”

Niliona maneno yake mwenyewe yakimrudia Éphraïm usoni. Akaanza kufunga sac yake, mkoba ambao hakuwa ameufungua vizuri.

“Juu ya nini haukumuambia jina ya avenue?” Igihozo akamuuliza.

“Ile ni habari ingine.”

“Njo hiyo habari yenyewe.”

“Mimi nimekomalia hapa tangu utoto, dada,” akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. “Najua vile batu banaita. Lakini direction haingekubali. Ulitaka nifanye nini?”

“Useme hivyo ku redio.”

Nilimwambia atoke kwenye kiti changu. Alitoka, akaacha barua yake mezani, akasema ananitazamia mimi kama mtu mzima nimshauri mtoto.

Nilimshauri. Nilimletea karatasi safi. Nilitaka tuandike wezi waliovaa tai, nilitaka tuandike uporaji, na maneno mengine mazito ya Kifaransa niliyoyapata kwa jasho. Igihozo aliyakata yote kwa kalamu.

“Sogokuru,” akaniambia mimi babu yake, “tukitukana, batasoma matusi tu.”

Akaandika kilichotokea: nani alitembea, nani aliuliza, nani alifuta na lini. Akadai redio isome masahihisho kwa majina yaleyale, saa ileile, na attestation itolewe bila maungamo. Barua yetu ilikuwa ya kumpelekea mkurugenzi, na kwa kuwa huku kwetu barua isiyo na nakala hufia kwenye droo, chini aliwaandika wa kupewa nakala: mkuu wa kitivo, redio, na kamati ya wanawake wa robine.

“Na Ijumaa?” nikamuuliza.

“Ijumaa itapita.”

Mwaka mzima wa kazi yake ulikuwa unaondoka na karatasi ile, naye alijua kuliko mimi. Aliikunja barua, akaiingiza kwenye bahasha, akapaka gundi, akanipa niibane. Niliibana kwa kiganja mpaka kiganja kikauma. Nyuma, mahali pa anwani ya mtumaji, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: Kwa Mama Eugénie, Murara.

Sebahire, motari wa mtaani, alikuwa anangoja injini ikiunguruma. Igihozo alimwambia asiiachie bahasha mpaka nakala yetu, aliyompa kando, igongwe muhuri wa kupokelewa, hata wakimfukuza. Sebahire akaitia ndani ya koti, akavuta zipu mpaka shingoni, akashuka mjini.