Hakuna Tega, Hakuna Ubao

Niseme mapema: mimi si mtu wa kubembeleza. Kwenye karakana yetu ya milango na madawati wananiita Dada Pilipili, na sikatai. Mwaka wa kumi na nne huu nasukuma mbao kwenye msumeno wa meza, ule wenye duara la meno pana kama sinia. Upande wa pili anapokea mdogo wangu, mtu mzima mwenye mke na watoto watatu. Kati yetu pana kifuniko cha bati cha kunyonyea vumbi, kikubwa, kinachoniziba nikamwona utosi tu. Akiinama, hata utosi siuoni. Kwa hiyo vidole vyake kumi viko juu yangu mimi, na jambo hilo sina mzaha nalo.

Msumeno ule ulimla baba yetu vidole viwili. Mwenzake aliuliza, "Tayari?" naye akajibu "Tayari" kwa mazoea tu, mkono ungali mezani. Alipopona alirudi na sharti moja. Anayesukuma aite, "Kitendawili!" Anayepokea anyanyue mikono yote miwili, aitike, "Tega!" Ndipo kitendawili kitegwe na ubao uende.

"Tayari mtu anaisema hata usingizini," baba alikuwa akituambia. "Lakini ukijua unaulizwa swali, unaamka."

Hakuna tega, hakuna ubao. Sheria ilikuwa hiyo moja, na haikuandikwa popote.

Na raha yake jamani! Mdogo wangu ana kichaa cha majibu. Namtegea, "Nyumba yangu haina mlango," kitendawili ambacho hata mtoto anajua jibu lake ni yai. Yeye anapaza sauti, "Nyumba ya fundi wa milango!" Mama Vanishi, anayepaka milango kule pembeni, alikuwa anaweka brashi chini ashike mbavu. Akishindwa ananipa mji, natamba nao mpaka jioni. Siku ilikuwa inakwisha hujui imekwendaje, na tulikuwa tunarudi nyumbani bado tunabishana.

Kisha mzee mwenye karakana akapooza upande mmoja, akaja mkwe wake kusimamia. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja mwenyeji augue. Alivaa saa ya kuhesabia sekunde shingoni, na siku ya kwanza alitukusanya akasema, "Nataka kurahisisha kazi."

Nilimpigia makofi. Mimi huyu huyu, kwa mikono yangu.

Urahisi wake ulikuwa na kurasa kumi na moja. Kabla ya kuwasha mashine unatia alama kwenye visanduku ishirini. Akabandika ukutani karatasi kubwa, FURAHIA KAZI YAKO, na kila Ijumaa tukawa na dakika kumi za kufurahi, tena kwa kujiandikisha jina. Tulikuwa tunasimama kwenye mstari tunachekeshana kwa amri, tunatazama saa. Waliokuwa na mashine akawagawia viziba masikio, akapiga marufuku kupiga kelele. Upande wangu akafunga taa ya kijani. Upande wa mdogo wangu akaweka kikanyagio. Akikanyaga, taa inawaka, nasukuma.

"Na vitendawili?" nikamuuliza.

"Dada, hapa ni kazini, si chekechea."

"Baba yetu kwenye msumeno huu..."

"Taa haidanganyi," akanikata, akageuka zake.

Kila adhuhuri aliandika kwa chaki nyekundu jina la jozi iliyochelewa kuliko zote. Ukiandikwa mara tatu unafungashiwa virago. Sisi tukaandikwa wiki ya kwanza. Wiki ya tatu tukaandikwa tena.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunitisha. Mama Vanishi aliacha kuimba. Watu wakawa wanapishana mlangoni bila hata salamu. Mdogo wangu, ambaye tunaishi naye ua mmoja, akawa anakula anatazama ukuta. Kitinda mimba wake akimparamia mgongoni kama alivyozoea, anamwambia, "Shuka," basi, neno moja. Asubuhi moja wifi yangu alinivizia bombani.

"Wifi, mdogo wako ana nini? Akilala mguu wake wa kulia unakanyaga. Unakanyaga, unakanyaga, mpaka kunakucha."

Siku ile tukiwa njiani nikamwambia mdogo wangu, "Tuvirudishe vitendawili, hata kwa kunong'ona."

"Kwa viziba masikio hivi nitakusikiaje? Acha, dada. Ikiandikwa ya tatu watoto watakula nini, kitendawili?"

Zamani angelisema hilo akicheka. Nilimtazama usoni nikitafuta kicheko, nikakikosa.

Wiki iliyofuata tukaanza kwenda kasi, kasi ya ajabu. Nikimaliza ubao, taa ya kijani imekwisha kuwaka kwa ajili ya ubao mwingine. Nikasema moyoni, kumbe mdogo wangu amekizoea kikanyagio! Mkwe alipita akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikajivuna, mjinga mimi. Siku ya pili niliona kwamba taa haizimiki kabisa, hata kidogo, tangu asubuhi. Niliona, nikanyamaza. Hilo ndilo ninalojilaumu mpaka leo, maana mdomo wangu haujawahi kunyamaza kwa mtu.

Siku ya tatu zilikuja mbao mbichi. Msumeno ukabadilika sauti, ukawa unalia kama mtu aliyepaliwa. Mkwe alikuwa amesimama ubavuni pangu na saa yake. Nikauweka ubao mezani, nikauleta mbele hadi shubiri moja kutoka kwenye meno. Taa ya kijani. Nikatazama juu ya kifuniko. Utosi haupo.

Kabla sijajua ninachofanya, koo lilikwisha kufunguka.

"Kitendawili!"

Karakana nzima iligeuka. Kwa mdogo wangu, kimya.

"Dada!" Mkwe alinisogelea. "Taa ni ya kijani. Sukuma!"

"Kitendawili!"

Kimya.

"Unapoteza sekunde!" Akaushika ubao kwa nyuma, mkono wake wenyewe, akausukuma. Niliuona ukitembea. Shubiri ikawa vidole vinne, vikawa viwili. Nikampiga kikumbo akaangukia rundo la pumba za mbao, nikaigonga swichi kwa ngumi. Msumeno ukateremka sauti polepole, polepole mno, nami nikazunguka kifuniko.

Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti. Juu ya kikanyagio palikuwa na tofali. Alikuwa ameliweka mwenyewe ili tusiandikwe mara ya tatu, na mkono wake ulikuwa umezama chini ya kifuniko hadi kiwiko, unachokonoa kipande kilichonasa kando ya meno. Kuzima kungekula sekunde. Kupiga kelele nizime ni marufuku. Kunisikia hawezi, masikio yamezibwa. Ubao ungekigonga kile kipande, kipande kingevuta mkono.

Alipohisi msumeno umesimama alinyanyua macho, akatoa kiziba kimoja sikioni. Alinitazama kwa hofu, hofu ya kweli.

"Dada, mbona umezima? Tutaandikwa!"

Nililia. Sioni haya kusema, nililia kwa sauti. Niliuvuta mkono wake nikauhesabu kidole kimoja kimoja, nikarudia, kisha nikauhesabu na ule mwingine ambao haukuwa na kosa.

Mkwe alikuwa anajipangusa pumba. "Nani ameweka tofali?" akauliza. "Hilo linajazwa kwenye fomu."

Machozi yalinikauka papo hapo.

"Njoo," nikamwambia.

"Nini?"

"Njoo usimame hapa, mahali pa mdogo wangu. Sekunde moja tu, si unazo nyingi?"

Watu walikuwa wamesogea. Mama Vanishi alikuwa nyuma yake na ndoo yake, kasimama kwenye njia, hasogei. Mkwe akatazama huku na huku, akaja, akasimama penye vumbi la magoti ya mdogo wangu. Nilirudi upande wangu, mdogo wangu akinifuata nyuma, nikawasha. Msumeno ukapanda sauti. Tofali liko pale pale, taa inawaka pale pale.

"Kijani, Meneja!" nikapaza sauti. "Haidanganyi!"

Nikauweka ubao mezani. Sikuwa na nia ya kuusukuma, hata unywele. Lakini yeye hakulijua hilo, na kwa mara ya kwanza alikuwa mahali ambapo hakuna njia ya kujua.

"Kitendawili!"

Niliuona utosi wake ukigeukia taa, ukageukia tofali, ukatulia.

"Kitendawili!" nikaita tena.

Mikono ikapanda juu ya kifuniko, yote miwili. Hakuna aliyekuwa amemwagiza.

"Tega," akasema. Kisha akapiga kelele iliyovunja marufuku yake mwenyewe. "Tega! Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango!"

"Sijui! Zima!"

Nikazima. Halafu nyuma yangu, kwa sauti iliyokwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta, mdogo wangu akajibu.

"Nyumba ya fundi wa milango."

Mama Vanishi ndiye aliyeanza. Kisha fundi wa randa, kisha wote, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, cheko ambalo halikuandikishwa na mtu. Mkwe aliivua saa shingoni akaiweka mezani. Mdogo wangu naye alikuwa anacheka, kichwa nyuma, meno yote nje, kama zamani.

Mimi tu sikucheka. Nilikuwa nautazama mguu wake wa kulia. Pale aliposimama hapakuwa na kikanyagio, lakini ulikuwa unakanyaga.