Wakili wa Mahakama za Chini

Makarani wa mahakama walimwita Mama Pingamizi, na yeye hakuona ubaya. Kila asubuhi alipanda ngazi za mahakama ya wilaya na mafaili kwapani, kwenda kuwatetea wapangaji waliotupiwa vyombo nje, wake waliokimbiwa na waume, vijana waliokamatwa na pikipiki zisizo zao. Gazeti halikuwahi kumwandika. Lakini alipoinuka kumhoji shahidi, mawakili wa upande wa pili walianza kupekua karatasi zao upya.

Mdogo wake, aliyemfuata kuzaliwa, alishika njia nyingine. Alisoma mpaka shahada ya mwisho, akabaki chuoni, na sasa alikuwa mkuu wa kitengo cha kuwafundisha wanasheria kazi ya uwakili kwa vitendo. Ndiye aliyepiga simu.

"Dada, tunatafuta walimu wa muda. Watu wa kazi, siyo wa vitabu. Hawa wanafunzi wetu sheria wanazijua, lakini ukiwawekea mteja anayelia mbele yao wanababaika. Omba."

"Mimi na ualimu wapi na wapi?"

"Utawafundisha unachokifanya kila siku. Kama si wewe, nani?"

Maneno hayo yalimwingia. Akaomba, akaitwa kutoa somo la majaribio, akaanza kujifua nyumbani kwa mama yao. Mama alikubali kuwa mteja wa mazoezi. Alimshtaki jirani wa kubuni kwa kumwibia maji, akanogewa hadi akaanza kumnunia jirani wa kweli.

"Siku yako ikifika nitaiachia kamati, nitoke nje," mdogo wake alimwahidi. "Sitaki watu wapate la kusema."

Lakini siku ilipofika hakutoka. Chumba kilikuwa kimepangwa kama mahakama, na kizimba cha mbao nyepesi kilichoyumba ukikigusa. Mkuu wa chuo alikaa katikati, profesa mzee wa mikataba kulia, na mdogo mtu kushoto, kalamu mkononi, macho kwenye karatasi. Mama Pingamizi alimtupia jicho mara moja, akaendelea na kazi.

Alimwita mwanafunzi mmoja awe mpangaji aliyefukuzwa, mwingine awe wakili wake. Mpangaji hajafika mbali, wakili akamkatiza, "Mkataba una tarehe gani?" Mama Pingamizi akamwendea, akamtoa kalamu mkononi taratibu.

"Mteja akikaa mbele yako," alisema, "hadithi ya kwanza ni ile aliyokwisha kuwasimulia majirani. Imenyooka, na yeye ndani yake hana kosa hata chembe. Ukimkatiza, ataishia hapo. Nyamaza. Kimya kikizidi, ataongeza neno mwenyewe. Neno hilo ukilikosa wewe ofisini, nitalipata mimi mahakamani, mbele ya hakimu, na wewe umekaa."

Darasa likacheka. Profesa, aliyekuwa akichezea simu, aliiweka chini. Kengele ilipolia hakuna aliyeinuka.

Majibu yalipotoka, jina lake halikuwemo. Aliyechukuliwa ni wakili mwenye ofisi ghorofa ya juu kabisa mjini, mtu wa kuhojiwa kwenye televisheni, ambaye mawakili wenzake walimwita Suti.

"Kamati ndiyo iliyoamua, dada," mdogo wake alimwambia kwenye simu. "Mimi nilikuwa sauti moja tu."

Alijiambia kwamba chuo kinajua kinachokitaka, na angeendelea kuamini hivyo kama asingekutana na yule profesa kwenye ngazi za mahakama, amekuja kuapa hati ya kiapo. Mzee wa watu alimshika mkono kwa furaha.

"Mdogo wako ni mtu wa haki sana. Mimi nilikupitisha, mkuu wa chuo hakuwa na neno. Yeye ndiye aliyekataa kabisa. Wangapi wangeweza kumkatalia dada yao wa tumbo moja?"

Alidhani anamsifia mtu. Mama Pingamizi alimshukuru, akaingia ndani, na kesi ya asubuhi hiyo aliiendesha vibaya.

Suti alifika darasani siku ya kwanza akiwa na mpiga picha. Kipindi cha pili alimtuma kijana wa ofisini kwake, na baada ya hapo zikawa zinakuja salamu za udhuru tu. Wanafunzi wakaanza kunung'unika. Jumapili moja mdogo mtu akaja kwa mama yao, akamkuta dada yake jikoni anaosha vyombo.

"Dada, uniokoe. Washike hawa wanafunzi mpaka muhula uishe. Jina la Suti litabaki kwenye ratiba, maana tumeshamtangaza, lakini wewe ndiye utakayefundisha. Mengine tutarekebisha baadaye."

Dada mtu akakausha mikono. Akavuta kiti, akakaa.

"Siku ya somo langu ulitoka nje?"

"Dada, hayo si..."

"Ulitoka?"

"Sikutoka."

"Profesa alisema nipewe kazi?"

"Alisema."

"Nani alikataa?"

"Wewe huelewi. Wangesema naingiza ukoo wangu chuoni. Unajua nimekihangaikia kiasi gani kile kiti?"

"Sijakuuliza sababu. Nimeuliza nani."

Mdogo mtu alimtazama mama yao, kama zamani alipokuwa akivunja kitu. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Mimi."

"Ukasemaje?"

"Nilisema wewe ni wakili wa mahakama za chini. Kwamba chuo kinahitaji mtu mwenye jina."

"Jina?" Mama aliuliza. "Mbona nilimpa."

Mama Pingamizi alirudi kwenye vyombo vyake. "Mwambie Suti akafundishe," alisema, mgongo umewaelekea.

Muhula uliisha hivyo hivyo. Mdogo mtu alipandishwa cheo. Wakawa wanapigiana simu za dawa za mama, basi.

Mwaka uliofuata Mama Pingamizi alimtetea mwanamume aliyeshtakiwa na mama yake wa kambo kwa ajili ya nyumba aliyoiacha marehemu baba yake. Wakili wa mjane huyo alikuwa kijana aliyetoka chuo kile kile, joho lake bado lina mikunjo ya dukani. Alimsimamisha mteja wake kizimbani, akamuuliza nyumba ilijengwa na nani.

"Tulijenga na marehemu," mjane alisema. "Halafu siku ile aliponiita chumbani, mbele ya kaka yake, akaniambia..."

"Jibu swali tu, mama," kijana alimkatiza, akageuza ukurasa.

Mama Pingamizi alisubiri kijana arudi pale. Hakurudi. Kesi nzima ilikuwa ndani ya maneno yale yaliyokatwa, na aliyelipwa kuyatafuta hakuwa yeye. Zamu yake ya kuhoji ilipofika, aliuliza mambo mengine kabisa.

Alishinda. Kwenye ukumbi wa nje, mteja wake alimpa mkono kwa nguvu, akaufunika kwa mkono wa pili. Yule kijana alikuwa ameshaondoka na mafaili yake. Mjane alibaki amekaa kwenye benchi, anasubiri mtu amweleze kilichoamuliwa. Alimtazama Mama Pingamizi, akafungua mdomo kutaka kuuliza.

Mama Pingamizi akampita, akashuka ngazi.