Mshono Nyuma ya Sikio

Fundi cherehani alikuwa akikunja pindo la suruali ya mteja wifi yake alipoingia na chai na kumwambia achangamke. Kiharusi kilikuwa kimempiga fundi mwaka uliopita. Mkono ulikuwa umerudi, mguu umerudi, mdomo umenyooka. Furaha tu ndiyo haikurudi, na hiyo hakuna aliyeiulizia.

"Wifi, unadeka," alisema wifi. "Wenzako wako kaburini."

"Na mimi nawaonea wivu. Umesikia?"

Wifi akaweka chai mezani. Fundi hakuwa na desturi ya kubishana na nguo kwa nje. Nguo ikivuta kwapani huipigi pasi, unaifumua. Akachukua wembe wake wa kufumulia, akapapasa nyuma ya sikio lake mwenyewe mpaka akaupata mshono, akaufungua taratibu kama anafumua shingo ya gauni. Damu haikutoka.

"Haya, tazama bitana."

Wifi akavaa miwani. Ndani mlikuwa na nyuzi nyembamba zinazotoka chini ya ubongo kwenda kwenye paji la uso, zile zinazopeleka habari njema. Katikati zilikuwa zimeungua, na pembeni palikuwa bado panafuka moshi.

"Mama wee! Pole, wifi. Lakini jikaze."

"Jikaze wewe mwenye nyuzi nzima!"

Fundi akaenda kliniki vilevile, kichwa wazi. Daktari akamulika kwa tochi, akasema ni kweli, kiharusi kimechoma njia hiyo. Huzuni yake ni ugonjwa, na dawa ipo.

"Basi nipe."

"Hapa tunatibu viungo, mama. Inua mkono."

Akauinua.

"Umepona. Anayefuata!"

Fundi alishikwa na hasira. Badala ya kwenda nyumbani akaketi kwenye benchi la wagonjwa wa kiharusi, karibu na mwashi mmoja aliyeinamia sakafu huku mkewe akimsimanga kwa uvivu. Akatoa wembe.

"Geuza kichwa, kaka."

Baada ya mwashi alimfumua mwalimu, kisha dereva wa lori. Kufikia adhuhuri benchi zima lilikuwa linafuka. Muuguzi alikohoa, akafungua madirisha, akaendelea kuita wagonjwa.

Mwashi akaingia, akainua mkono, akaambiwa amepona, akarudi kukaa. Mwalimu naye vivyo hivyo. Dereva akainua yote miwili.

Jioni muuguzi alikuja na funguo, akasema jamani, kliniki inafungwa.

"Funga, mwanangu," alisema fundi. "Sisi tupo."