Changarawe Iliyoombewa

Nilipofikisha shimo usawa wa goti, sepetu iligusa kitu laini. Nikapiga magoti, nikapangusa kwa mkono, nikaona mizizi ya nepia, nyasi ya ng'ombe. Tuliipanda sisi wenyewe kwenye kingo za mtaro miaka kadhaa iliyopita ili ishike udongo. Ilikuwa imelala chini ya changarawe, majani yamegeuka manjano, lakini haikuwa imekufa. Mtaro wenyewe pia ulikuwa bado upo, kingo zimesimama vile tulivyoziacha. Nilifurahi, nikaendelea kuchota.

Kijana wa bodaboda alipunguza mwendo kuniangalia.

"Niaje mzee, umepata dhahabu?"

"Bado."

"Ukiipata unikumbuke, boss."

Hakuna dhahabu Kiamunyi. Udongo wetu ni wa kijivu, mwepesi, unafanana na jivu, na waliosoma mambo ya ardhi husema ni mlima Menengai ulioutapika zamani sana. Ukiwa mkavu unabeba nyumba bila shida. Maji yakiupata yakiwa na mbio, unaondoka kama unga. Nimewahi kuamka asubuhi nikakuta ufa wa kumeza ndama mahali nilipopita jana yake na baiskeli. Ndiyo maana wenyeji wa hapa huanza kwa kuyapa maji njia, halafu ndipo wajenge.

Mimi si mwenyeji hasa. Nilizaliwa mjini, kwenye nyumba za reli, ambako baba yangu aliletwa na kazi kutoka Bungoma. Nilipohamia huku na mke wangu Edinah, kulikuwa na mashamba ya mahindi na mistari ya miti ya misipresi. Sasa kila ploti ina geti, paa kubwa la mabati na matofali ya kabro uani. Mvua iliyokuwa ikinywewa na shamba sasa inakimbilia barabarani. Sina wa kumlaumu. Hata mimi nina paa, na kabro niliiweka kwa sababu Edinah alichoka kupiga deki matope. Ila naona kwamba maji yakishatoka getini kwangu hayajaacha kuwa yangu. Yanateremka na chupa na mifuko ya watu, yanapita mitaa yote hadi ziwani. Ziwa likipanda na kuvuka ua wa mbuga ya wanyama, tunasimama kulitazama na kushangaa, kana kwamba maji yale yalitoka nchi nyingine.

Tangu Nakuru iitwe jiji, bomba letu hutoa maji likijisikia, na siku nyingine tunanunua kwa mkokoteni. Ila mvua ikinyesha, kila mtu anayasukuma maji kwa jirani. Nimelifikiria jambo hilo muda mrefu na bado sijalielewa vizuri.

Changarawe ililetwa mwezi wa kwanza. Mwakilishi wetu wa wadi alikuja mwenyewe, hema likapigwa, akina mama wa kanisa wakaimba, Mchungaji Kigen akaomba, na mheshimiwa akashika sepetu mpya ili apigwe picha. Lori lilishindwa kugeuka kule juu kwa sababu barabara ni nyembamba, kwa hiyo lilimwaga mzigo wote upande mmoja. Vijana wakausambaza kwa moyo, barabarani na ndani ya mtaro, mpaka barabara ikapanuka kuliko tulivyowahi kuiona. Ilipendeza. Tulipiga makofi sote, na hakuna aliyeuliza mtaro umekwenda wapi.

Mvua ya kwanza ndiyo iliyouliza. Maji yaliutafuta mtaro, yakaukosa, yakapata geti la Jeruto.

Jeruto ni jirani yangu wa upande wa chini, mjane, mzaliwa wa Keringet. Nyumba yake aliijenga kwa maziwa ya ng'ombe wake, chumba baada ya chumba, na kila chumba kina rangi ya mwaka wake. Maji yalipita pembeni mwa nyumba hiyo, yakala udongo chini ya msingi kwenye pembe ya nyuma. Mvua kubwa ya Aprili ilikuwa njiani. Binti yake aliye Eldoret alimpigia simu akimwambia ahame kabla nyumba haijamwangukia. Jeruto alimwuliza ahamie wapi na ng'ombe. Alitaka kitu kimoja tu, mwezi wa tano uikute nyumba yake imesimama.

Tulifanya mkutano wa wakazi. Kila mtu alikubali kwamba mtaro ufunguliwe, na kila mtu akarudi nyumbani kwake. Mgeni angetuona wavivu, lakini sidhani ulikuwa uvivu. Huku kwetu kitu kikishazinduliwa hakiguswi. Kuna bomba moja karibu na shule lililofunguliwa kwa maombi na nyimbo, halijawahi kutoa tone, na mpaka leo watu wanalizunguka kwa heshima wakienda kuteka maji kwingine. Watu wanaogopa mawili: kuambiwa wamefukua maombi, na kuambiwa wamehamia upande ule mwingine. Uchaguzi ukikaribia, hata sepetu ina chama.

Mimi si mtu wa haraka. Edinah husema nikipewa chai huwa naitafuna. Jumapili, baada ya ibada, nilimfuata Mchungaji Kigen nikamwuliza kama ni dhambi kuhamisha changarawe iliyoombewa. Alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Alisema aliomba barabara ipitike na wanaoishi kandokando yake wakae salama. Changarawe hakumbuki kama aliitaja. Hofu ya kwanza ikaniishia hapo.

Hofu ya pili ilikuwa na jina, Gathogo.

Gathogo anaishi kule juu, ana duka la vifaa vya ujenzi, na ndiye mtu wa mheshimiwa katika mtaa wetu. Ni lazima nimtendee haki. Changarawe ile aliifuatilia muda mrefu sana, akikaa kwenye mabenchi ya ofisi, akirudi mikono mitupu, huku sisi tukimwita Gathogo wa Ahadi, na yeye akisikia. Siku lori lilipoingia, nilimwona akigeukia ukuta wa duka lake kupangusa macho. Kwa hiyo asubuhi hii niliposikia geti lake likifunguliwa, nilisimamisha sepetu nikamngoja.

"Mzee Makhanu, umeamkaje?"

"Salama, Baba Kimberly."

"Naona unabomoa kazi ya mheshimiwa."

Nilimwambia nafungua mtaro, na kwamba kazi ya mheshimiwa iko barabarani na sijaigusa. Alizunguka shimo langu, akalitazama kila upande. Akasema mambo yale yale ya mkutanoni: watu watasemaje, tena kitu chenyewe kimeombewa. Nilimpa maneno ya Mchungaji Kigen jinsi nilivyoyapokea. Alipojibu, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Basi si maombi, mzee. Ni mimi. Nikirudi pale ofisini kuomba kitu kingine, wataniambia nyinyi watu wa Kiamunyi hamjui mnachotaka. Na mimi nitasema nini?"

Alisema kweli. Ningekuwa mimi niliyekaa kwenye yale mabenchi, huenda hata mimi ningeilinda changarawe kama mali yangu. Tulikuwa bado tumesimama pale geti la Jeruto lilipofunguka.

Alitoka amebeba mtungi wa maji, umejaa, mwili umelalia upande mmoja kwa uzito. Ulikuwa mmoja wa mitungi aliyonunua kwa mkokoteni asubuhi ile ile, maji ya ng'ombe na ya kuosha makopo ya maziwa. Alitupita bila salamu, akapanda hadi pale changarawe ilipoanzia kufunika mtaro, akafungua kifuniko, akayamwaga yote chini. Nilitaka kumzuia, nikajizuia mwenyewe.

"Gathogo," alisema, wala hakumwita Baba Kimberly. "Fuata hayo maji."

Maji yalituama kidogo, yakawa mekundu kwa vumbi la changarawe, halafu yakainama upande wa geti lake kama ng'ombe anayejua zizi. Gathogo aliyafuata, kichwa chini. Tukamfuata. Yalipita chini ya geti, yakapita makopo ya maziwa yaliyoanikwa, yakazunguka nyumba hadi pembe ya nyuma, yakaingia shimoni bila sauti yoyote.

Gathogo alichuchumaa. Tangu siku ya hema hakuwa ameingia uani kwa Jeruto. Hakuwa na sababu ya kuingia. Aliingiza mkono ndani ya shimo, chini ya msingi, mkono ukaenda mpaka bega likagusa ukuta. Akakaa hivyo hivyo.

"Mama, wewe unalala chumba gani?" aliuliza.

"Hicho kilicho juu ya mkono wako."

Aliutoa mkono polepole. Akasimama, akakung'uta shati, akatoka getini. Nilidhani amekwenda kupiga simu. Jeruto naye alirudi barabarani kuokota kifuniko cha mtungi, nikamfuata.

Muda si mrefu tukasikia gurudumu likilia kutoka juu. Gathogo alikuwa anateremka amevaa gambuti, buti ndefu za mpira, anasukuma wilbaro mpya ya dukani kwake, mishikio bado imefungwa nailoni. Aliitua kando ya shimo langu.

Alikuwa ameshafikiria njiani. Alitaka changarawe isitupwe. Tuipandishe hadi kwenye kona ya juu, pale magari yanapokwama matope, tuishindilie huko. "Itakuwa bado iko barabarani," alisema. "Nikiulizwa, nitasema tumeisambaza vizuri." Nilimwambia hilo halitakuwa uongo, na kwa kweli ni wazo ambalo mimi sikuwa nalo. Nilikuwa nikiirundika tu kando.

"Lakini mtu asipige picha," akaongeza.

"Sisi hatuna habari ya picha," Jeruto akamjibu. "Ni wewe ulipigwa mpaka ukiwa umefumba macho."

Ilikuwa kweli. Picha ya uzinduzi iliyozunguka kwenye simu zetu ilimwonyesha Gathogo kando ya mheshimiwa, macho yamefumbwa kabisa, kama mtu aliyesinzia amesimama. Hakuna aliyethubutu kumwambia mpaka leo. Alicheka, akashika sepetu.

Watu walipoona gambuti za Gathogo ndani ya mtaro, mageti yalianza kufunguka. Hakuna aliyeitwa. Mmoja alikuja na sululu akisema alikuwa anapita tu, mwingine akaja na jembe akisema lilihitaji kunolewa kwa mawe. Nilivuta kamba kutoka kwenye geti langu hadi kalavati la chini, maji yanapopita chini ya barabara, ili tufuate mstari, na wilbaro ikawa inapanda na kushuka, ikilia njia nzima.

Saa za mchana Jeruto alitutolea chai ya maziwa na viazi ambavyo kaka yake humletea kutoka Keringet, vimechemshwa na maganda. Tulikaa ukingoni mwa mtaro, miguu ndani. Mazungumzo yalienda yanakotaka. Kuna aliyesema serikali ya kaunti ichimbe mtaro mkubwa hadi mtoni, na mwingine akamwuliza mto upi, maana huku mito huingia ardhini ikapotea. Walibishana kama heroe watarudi ziwani kwa wingi wa zamani. Walibishana pia juu ya atakayegombea wadi yetu, na Gathogo alisikiliza bila kumtetea mtu, akimenya kiazi. Mimi nilitoa lile wazo langu kwamba maji yakitoka getini kwangu bado ni yangu.

"Mzee, hiyo maoni yako nitaiandika dukani, juu ya matangi," Gathogo akasema. "Kila mtu achote ya paa lake."

"Na bei upunguze," Jeruto akasema.

"Hiyo sasa ni siasa."

Tulicheka, tukarudi kazini. Naamini matangi mengi yangetusaidia kuliko mitaro mingi, lakini hilo lilikuwa la siku nyingine, na mikono yote iliyokuwapo ilikuwa imeshika sepetu.

Jioni mawingu yalikusanyika juu ya Menengai, meusi upande wa chini. Tulikuwa tumefungua mtaro hadi mbele ya geti la Jeruto. Kipande kilichobaki, kutoka hapo hadi kalavati, kilikuwa bado kimejaa. Nilisimama nikakitazama, na sikupenda nilichoona. Mvua ikinyesha usiku, maji yangeshuka kwa mtaro wetu mzuri na kuishia pale pale getini. Tukakubaliana kuziba juu kwa muda, turudishe donge la changarawe mdomoni mwa mtaro ili maji yatawanyike barabarani. Edinah alileta magunia, tukayajaza udongo, mengine tukayapanga getini. Lile shimo la nyuma Gathogo alilijaza mawe mwenyewe, akishindilia kwa mpini wa sululu, akisikiliza kila pigo. Si dawa ya kudumu, ila kwa usiku mmoja ingetosha.

Watu waliondoka mmoja mmoja. Nepia iliyofukuliwa nilikuwa nimeiegemeza ukingoni, mizizi ndani ya tope, ili kesho niirudishe mahali pake. Kamba tuliiacha imevutwa.

"Sepetu zilale kwangu," Jeruto alisema. "Kesho mtu asikose cha kushika."

Gathogo aliipindua wilbaro kando ya ua ili isijae maji.

"Tunaanza saa ngapi, mzee?"

"Jua likitoka."

"Nitakuja na mafuta ya hili gurudumu," alisema, akapanda zake juu. Matone ya kwanza yalianza kugonga mabati. Jeruto alikuwa amesimama mlangoni, anayasikiliza, mikono ndani ya kanga. Nilimwuliza kama atalala kwetu, mimi na Edinah. Akasema hapana, atalala chumbani kwake.